Fyekeo, jembe, dawa, turubai au mbuzi: njia ipi ya kurudisha bustani iliyogeuka pori?

Nyumba ikikaa bila mtu kwa misimu miwili mitatu ya mvua, bustani yake huwa pori. Anayehamia anakuta nyasi kiunoni, lantana imefunika dirisha la jikoni, na mchungwa ambao hajui kama bado ni mchungwa. Majirani wanamuuliza atafyeka lini, kwa kuwa nyoka wanaoingia kwao wanatokea kwake. Basi anaita kijana mwenye fyekeo, uwanja unang'aa kwa siku chache, na mvua ikipiga kila kitu kinarudi.

Huku Pwani njia zinazotumika kweli ni tano: kufyeka, kulima kwa jembe, kupiga dawa ya magugu, kufunika ardhi, na kuingiza mbuzi. Zote zinafanya kazi. Ila kila moja inaua sehemu tofauti ya mmea, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Wanalinganisha kasi na bei, wakati kinachoamua ni mahali gugu linapoweka uhai wake. Gugu linaloishi kwa mbegu, linaloishi kwa kisiki, na linaloishi kwa viazi vidogo vilivyozikwa ardhini ni maadui watatu mbalimbali, na silaha ya mmoja ni chakula cha mwingine. Ninaandika nikiwa Tanga, penye masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, lakini mtu wa Bagamoyo, Kilifi au Unguja atayatambua haya yote uwanjani kwake.

Shimo kwanza, shilingi baadaye

Kabla hujamlipa mtu, chukua jembe uchimbe mashimo machache ya majaribio, kina cha sentimita 20 hadi 30: moja penye jua kali, moja karibu na ukuta, moja nje kidogo ya kivuli cha mti, na moja pale unapotaka tuta la mboga. Udongo wa kila shimo umwage juu ya gunia, uuvunjevunje kwa mkono bila haraka.

Ukikuta vijizizi vyembamba tu vinavyong'oka pamoja na shina, una bahati. Hayo ni magugu ya msimu: kishona nguo, mchicha pori, mnavu, mwangani. Yanatisha kwa urefu, lakini yanaishi kwa mbegu peke yake, na mengine ni mboga nzuri kabla hujayaondoa.

Ukikuta nyuzi nene nyeupe zenye vifundo na ncha kali inayopenya hata kiazi, hiyo ni sangari. Ukoka nao hutambaa juu ya ardhi kisha huzama. Hawa wawili wana tabia moja ambayo lazima uijue kabla ya kushika jembe: kipande chochote chenye kifundo kikibaki ardhini kinaota mmea mpya.

Na ukikuta vijidude vyeusi vyenye manyoya, ukubwa wa punje ya mahindi au zaidi kidogo, vimeungana kwa uzi mwembamba mgumu kama shanga za tasbihi, umekutana na ndago. Kata kimoja kwa ukucha: ndani ni cheupe na kinanukia. Majani yake ya juu si kitu. Yanang'oka kirahisi, uzi unakatika, tasbihi inabaki chini, na shanga zilizokuwa zimelala sasa zinaamka. Kiazi kimoja kinaweza kuzaa makumi ya vingine ndani ya miezi michache. Vingi vimo katika sentimita 15 za juu, na hiyo ndiyo habari njema pekee kuhusu ndago.

Lantana, mlusina na miche ya mwarobaini iliyojiotea huonekana bila shimo. Hao wanaishi kwa kisiki.

Ukimaliza mashimo, zunguka kiwanja chote ukiwa umevaa mabuti na una fimbo ndefu mkononi. Nyoka aitwaye kifutu hakimbii akisikia hatua, anatulia tuli kwenye majani makavu, kwa hiyo fimbo itangulie mguu. Tafuta mfuniko wa chemba ya maji taka, kisima cha zamani, na bikoni za mipaka kama kiwanja kimepimwa; bikoni iliyong'olewa na kibarua kwa bahati mbaya inaleta ugomvi na jirani ambao hakuna bustani inayoufidia. Uliza wazee wa mtaa kama kuna kaburi. Tazama upupu, ambao maganda yake yakikauka manyoya hupeperuka na kumtesa hata aliyesimama mbali. Umwagie maji kabla ya kuukata. Na kama uzio wa zamani ni wa mnyaa, funika macho. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa, na dawa ya kwanza ni kuosha kwa maji mengi safi huku unakwenda hospitali.

Jambo moja zaidi: usikate mti wowote wa matunda katika wiki za mwanzo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo bustani nyingi zinapopoteza kitu kisichorudi kwa miaka. Michungwa yetu, kama ile ya Muheza, kwa kawaida hubebeshwa, yaani huunganishwa, juu ya shina la mlimao mkali. Mti ukiachwa bila kupogolewa, shina la chini hutoa machipukizi yake, yanakua haraka kuliko mchungwa wenyewe, na baada ya muda mwenye nyumba mpya anaona mti wa miiba mirefu wenye malimao makali na anaagiza ukatwe. Piga goti utazame chini. Kuna kovu au uvimbe pale walipobebesha, mara nyingi sentimita 20 au 30 kutoka ardhini. Kila tawi lililoanzia chini ya kovu ni la mlimao, litoe lote hadi kwenye gamba. Likibaki tawi moja hai lililoanzia juu ya kovu, una mchungwa wenye mizizi iliyokomaa, na kwa kumwagilia na samadi utaula mapema kuliko wowote utakaoupanda leo. Mwembe na mpera ni wavumilivu zaidi, lakini usitoe zaidi ya theluthi ya matawi kwa mwaka mmoja. Na chini, kwenye nyasi, kunaweza kuwa na mchaichai, manjano, tangawizi au asumini ya mtu aliyeishi hapo kabla yako. Manjano hukauka majani wakati wa kiangazi na kuonekana yamekufa. Subiri mvua moja uone nani anainuka.

Fyekeo

Kwa kasi na bei ya leo, hakuna linaloshindana nalo. Uwanja wa kawaida unaonekana mwisho wake kwa siku moja au mbili, udongo haujaguswa, na majani yaliyokatwa yanabaki kuwa matandazo. Kwa magugu ya msimu, kufyeka kabla hayajatoa maua kunatosha kabisa, mradi urudie kila yanapoota kwa msimu mzima. Kishona nguo kikifyekwa baada ya mbegu kukauka, umekisaidia kujipanda.

Kwa sangari, ukoka na ndago, fyekeo ni kodi unayolipa kila mwezi bila deni kupungua. Tena ndago inachukia kivuli. Ulipozifyeka nyasi ndefu zilizokuwa zinaizuia jua, umeifungulia mlango. Lantana ikikatwa juu hutoa mashina sita palipokuwa na moja.

Mashine ya kufyekea ya mgongoni inafanya kazi ya watu kadhaa, lakini ina madhara mawili. Inarusha mawe, na ardhi yetu ya mawe ya chokaa inayo mengi, kwa hiyo watoto na vioo vikae mbali. La pili watu hawalioni mpaka miezi ipite: uzi wa nailoni ukigusa shina la mche wa mwembe au mlimao unachuna gamba kuzunguka lote, na mche unakufa taratibu huku mwenyewe akidhani ni ugonjwa. Kila mche uwekewe duara la kupaliliwa kwa mkono kabla mashine haijawashwa.

Kufyeka lipa kwa kipande, mtu amalize aende zake. Kazi inayofuata usithubutu kuilipa hivyo.

Jembe

Hii ndiyo njia pekee, kati ya tano, inayotoa ndago ardhini kwa hakika, na ndiyo inayoharibu zaidi ikifanywa vibaya. Tofauti ni ya vifaa na majira.

Jembe la kawaida linakata. Likipita kwenye sangari, uzi mmoja unakuwa vipande kumi na kila kipande kina kifundo. Pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mkono, ni mbaya zaidi: inasaga kila kitu na kukisambaza kiwanja kizima, udongo unaonekana laini na mzuri kwa wiki mbili, kisha sangari inatoka kama imepandwa kwa mstari. Kifaa kinachofaa ni jembe-uma, lile la meno. Linalegeza udongo bila kukata, halafu mkono unavuta uzi mzima na kuufuata unakokwenda.

Majira ni kiangazi, Juni hadi Septemba, au ule ukavu wa Januari na Februari. Kwenye mvua kila kilichong'olewa kinashika tena kabla ya jioni. Bibi mmoja jirani yetu, aliyelima maisha yake yote, aliniambia kwa ufupi: "Mwanangu, ndago ukiilima kwenye matope unaizalisha." Ndivyo ilivyo. Viazi vya ndago na nyuzi za sangari zikianikwa juu ya bati au sakafu ya saruji kwa wiki mbili tatu za jua kali zinakufa. Zikirundikwa pembeni mwa uwanja zinaota upya kwenye rundo lenyewe. Usizitie kwenye mboji mpaka zimekauka zikavunjika vidoleni.

Gharama ya jembe ni jasho na muda. Mtu mmoja anayechambua udongo kwa mikono anamaliza eneo dogo kwa siku, tena dogo kweli. Ndiyo maana kibarua wa kazi hii alipwe kwa kutwa. Ukimpa kipande atakimbia, na kwenye ndago kukimbia maana yake ni kuacha nusu ya viazi chini. Mwoneshe kiazi chenyewe, mpe ndoo, na kaa naye asubuhi ya kwanza.

Hata ukichambua vizuri, mbegu zilizolala zitaota mara udongo unapopata mwanga. Hizo zioteshe kwa makusudi: sawazisha tuta, mwagilia, subiri siku kumi au zaidi hadi lijae kijani, kisha kwangua juu juu tu kwa jembe dogo siku ya jua. Rudia mara moja ukiweza. Usichimbe tena, maana kila unapogeuza udongo unaleta juu kundi jipya la mbegu.

Kuna mahali jembe lisifike. Chini ya kivuli cha mchungwa mizizi inayolisha mti iko juu sana, na kwenye mteremko ukilima kote kabla ya masika mvua itauhamishia udongo wako kwa jirani.

Dawa ya magugu

Maduka ya pembejeo yanauza aina nyingi, lakini kwa uwanja wa nyumbani utakutana hasa na glaifoseti, 2,4-D na, kwa bahati mbaya, huenda hata parakwati. Tofauti zao ni kubwa kuliko rangi za chupa.

Glaifoseti, iliyo sokoni tangu 1974, huingia kwa majani na kushuka mpaka mizizini. Kwa hiyo inahitaji majani mengi mabichi yanayokua. Kufyeka leo na kupiga dawa kesho ni kumwaga fedha: fyeka, subiri majani yarudi kufika kimo cha kiganja au zaidi, ndipo upige, asubuhi isiyo na upepo, penye dalili za saa kadhaa bila mvua. Matokeo yanaonekana baada ya wiki moja hadi mbili. Maji yawe safi, kwa sababu dawa hii hunata kwenye chembe za udongo na ikichanganywa na maji ya tope inapungua nguvu. Kwa sangari na ukoka inafanya kazi nzuri, mara nyingi kwa kurudia. Kwa ndago inaua mmea ulio na majani na viazi vilivyoungana nao moja kwa moja, lakini vilivyolala visivyo na jani havipokei chochote, na vinaota baadaye.

2,4-D inaua majani mapana na kuacha nyasi. Inafaa kwenye ukoka wa uwanja uliojaa magugu mengine, lakini mvuke na matone yake yakifika kwenye mpapai au nyanya za jirani utaona majani yakijikunja. Parakwati inaunguza majani tu, mizizi inabaki hai, kwa hiyo hata kwa kazi hii haifai. Zaidi ya hapo ni sumu isiyo na dawa ya kuitibu. Funda dogo linaua. Umoja wa Ulaya hauiruhusu tangu 2007. Nyumbani kwenye watoto isiingie kabisa.

Kuhusu usalama wa glaifoseti yenyewe, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani (WHO), IARC, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za udhibiti za Marekani na Umoja wa Ulaya ziliangalia na kuendelea kuiruhusu. Ulaya iliongeza muda wake kwa miaka 10 mwishoni mwa 2023. Msimamo wangu ni huu: kwenye uwanja ambao watoto wanacheza, kuku wanadonoa na mboga zitaota, kupuliza kote si lazima. Ninaona dawa hii ina nafasi moja ya haki, nayo ni kisiki. Kata lantana au mlusina karibu na ardhi, na papo hapo, kabla jeraha halijakauka, paka dawa kwa brashi juu ya ukingo wa kisiki, pale chini ya gamba. Unatumia matone badala ya bomba zima la lita 16, hakuna kinachopeperuka, na mara nyingi kisiki hakichipui. Vaa glavu, na brashi hiyo isirudi kwenye kazi nyingine.

Ukinunua, nunua chupa iliyofungwa yenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ya Tanzania. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiiguse, hata ikiwa nusu bei. Hujui ni nini, na mtoto akiikuta hajui kuwa si maji.

Kufunika

Njia hii inahitaji subira, na kwangu ndiyo inayodharauliwa isivyostahili. Unafyeka hadi chini, unamwagilia, kisha unatandika kitu kisichopitisha mwanga: turubai zito jeusi, au tabaka la maboksi yaliyotolewa utepe, juu yake makuti, makumbi ya nazi, majani makavu au pumba. Magugu ya msimu hufa ndani ya wiki chache. Ukoka huchukua miezi miwili mitatu, na lazima ufunike hadi nje ya mpaka wa tuta, la sivyo utaingia tena kutoka pembeni. Njia nyingine ya joto ni nailoni angavu, iliyobanwa kingo zake kwa udongo juu ya ardhi yenye unyevu, wiki nne hadi sita za Januari na Februari. Jua linapika mbegu zilizo juu.

Udhaifu wake ni ndago. Ncha ya ndago inatoboa nailoni na maboksi bila taabu, na hata turubai jepesi. Kwa ndago, kufunika peke yake ni kuchelewesha.

Pana na mambo matatu ya huku kwetu ambayo maelekezo ya nchi za baridi hayayataji. Mchwa wanapenda maboksi na makumbi, kwa hiyo acha nafasi wazi, angalau nusu mita, kati ya matandazo na ukuta wa nyumba au fremu za mbao. Chini ya makuti nge na tandu hupata makazi, usiyainue kwa mikono mitupu. Na turubai lililolegea hushika vidimbwi vya maji, na kwenye vidimbwi hivyo huzaliana mbu wa dengue. Mlipuko wa 2019 uliogusa Dar es Salaam na Tanga ulitufundisha kuogopa maji ya namna hiyo. Livute hadi likaze au ulitoboe mashimo madogo penye mabonde.

Penye mti wa matunda hii ndiyo njia ya kuchagua bila kusita, na matandazo yasiguse shina.

Mbuzi

Mbuzi wawili watatu kwenye kichaka cha mlusina, miba na majani marefu ni jambo la kupendeza kutazama. Wanafungua njia, wanaacha samadi, na mara nyingi jirani mwenye mbuzi atafurahi kupewa malisho bure. Lakini hawagusi mizizi, hawachagui kati ya kichaka na mchungwa, na gamba la mche ni peremende kwao. Kila kamba ipimwe isifike kwenye mti.

Hatari zaidi ni sumu. Lantana inadhuru ini la mifugo na kuifanya ngozi yao iungue juani. Mbuzi mwenye njaa aliyefungwa kwenye kichaka cha lantana hana pa kukimbilia. Oleanda, kile kichaka cha maua cha uani, ni mbaya kuliko hiyo. Kwa hiyo ondoa hayo mawili kwanza, ndipo mbuzi waingie. Angalia pia wanachokula na mbegu zake. Baringo, Kenya, mti wa miiba uitwao mathenge ulienea kwa msaada wa mifugo: walikula maganda yake matamu na mbegu zikatoka nzima kwenye kinyesi, tayari kuota.

Moto sikuuhesabu kati ya njia. Unaua mboji ya juu, unaunguza mizizi ya miti, unaweza kuvuka kwa jirani, na ndago na sangari chini ya ardhi hazisikii chochote.

Nani achague nini

Kama umepanga kwa mwaka mmoja, usichimbue kiwanja cha mtu. Fyeka mara kwa mara, funika sehemu ndogo karibu na jikoni kwa maboksi na makuti, na panda mchicha na bamia hapo. Ukihama utakuwa umekula, na fedha yako haikubaki ardhini.

Kama nyumba ni yako na mashimo yameonyesha magugu ya msimu tu, fyekeo na kufunika vinatosha, na mwaka wa kwanza utaona kiwanja kimekubali. Usishawishike kulima kote.

Kama ni yako na ina sangari au ukoka, gawanya. Tuta la mboga lichambuliwe kwa jembe-uma wakati wa kiangazi. Chini ya miti funika. Kwingine acha ukoka uwe ndio uwanja, maana ni mzuri, unastahimili jua na miguu ya watoto. Unahitaji tu mpaka, mfereji mwembamba unaosafishwa kila wiki au mawe yaliyozikwa kuzunguka tuta.

Kama ni ndago, usitangaze vita kiwanja kizima. Chagua kipande kidogo unachoweza kukichambua mwenyewe na kukilinda, mita tatu kwa mbili zinatosha kuanza, na kwingineko fyeka tu usiguse udongo. Ndago unaishinda kwa mambo mawili yakifuatana: kuianika kiangazi, kisha kuinyima mwanga mvua zikija. Ndiyo maana kuchimba na kuacha tuta wazi ni kazi bure. Na usiirudishe mwenyewe: mchanga wa lori, samadi isiyooza na udongo wa viriba vya miche ndivyo vinavyoibeba. Mche wa kununua utazame kwenye kiriba. Ukiona jani jembamba linalong'aa lenye pembe tatu shinani, uache dukani.

Mzee, au mtu mwenye mgongo mbaya, asione aibu kuchagua kufunika kwa miezi mingi na kulipa kibarua wa kutwa kwa kipande kimoja tu kwa mwaka. Na mwenye lantana nyingi aanze nayo kabla ya kitu chochote, kisiki kwa kisiki, kabla ndege hawajala vijitunda vyake na kuvipeleka mtaa mzima. Ilikuja kwetu kutoka Amerika ya kitropiki kama ua la bustani, na imetoka bustanini zamani.

Kwa tuta la kwanza lililochambuliwa, mmea ninaopendekeza ni matembele. Kata vipande vya mbegu vya sentimita 30 hivi kutoka kwenye ncha changa, vichomeke mvua za kwanza za masika au vuli, umbali wa sentimita 30 kati ya mche na mche, theluthi mbili za kipande zikiwa ndani ya udongo. Palilia kwa mkono wiki nne au tano za mwanzo, ukifuata kila ncha ya ndago hadi kwenye kiazi chake. Baada ya hapo majani yanafunga, ardhi haioni jua, na wewe unachuma mboga kila baada ya siku chache.